Mgonjwa wa Kukodi

Kila Jumanne, chumba namba sita, Halifax,
nalipwa kwa saa ili niumwe kifua.
Gauni la karatasi, mgongo wazi,
soksi zangu mwenyewe, za sufu,
maana Februari ya huku haina mzaha.
Kadi yangu inasema: seremala, miaka hamsini na minane,
maumivu tangu juzi, yanashuka mkono wa kushoto.
Kadi haisemi ninalala na nani.
Hapo waliacha wazi, nijaze mwenyewe
kwa ukweli wangu.

Nyuma ya kioo ameketi Daktari Pottle na kalamu yake.
Dakika nane, kisha kengele.

Wa kwanza anaingia, koti jeupe lingali na mikunjo ya dukani.
"Mkeo anasemaje kuhusu haya maumivu?"
Hasemi kitu, namwambia.
Anaandika: mke, kimya.
Kijana wa watu, sikumcheka.

Wa pili amesoma. Amesoma mno.
Nilipotaja tu jina la Wendell
akavaa glavu,
akavuta kiti nyuma kidogo, kidogo tu,
kama mtu anayepisha maji yaliyomwagika,
na maswali yakaanza kuporomoka:
wangapi, lini, kwa kinga au bila.
Nimemletea kifua, bwana,
yeye ananitazama kiunoni.
Kengele ikalia, moyo wangu haujapimwa.

Husemwa mgonjwa haulizwi uji.
Aliyesema hayo alikuwa mpishi.
Niulize. Niulize uji, niulize chumvi,
niulize ni nani ataukoroga.

Wendell alikuwa fundi wa injini kwenye kivuko cha Dartmouth.
Miaka ishirini na saba tuligombania blanketi moja.
Daktari wake wa mtaani alimuuliza, mara moja tu,
"Umeoa?"
na kalamu tayari iko juu ya kisanduku.
Akasema hapana,
na hakuwa amesema uongo.
Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Wendell hakuficha maradhi.
Alinificha mimi.
Basi usiku ule, muuguzi aliponiuliza, wewe ni nani kwake,
jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye faili: hana mtu.
Nikasema, rafiki.
Rafiki akakaa koridoni, kwenye kiti cha plastiki,
akilinda koti na viatu vya mtu, saizi kumi na moja,
hadi alfajiri.

Wa tatu ni Philippa Noseworthy, kimo cha mtoto wa shule.
Anasugua stetoskopu kiganjani, bado ya baridi.
Anasikiliza mbele, anasikiliza nyuma,
anasikiliza tena mahali palepale.
Kisha: "Ukirudi nyumbani leo, yuko nani?
Na tukihitaji kumpigia mtu simu, ungependa awe nani?"
Si sauti ya kusoma.
Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia,
tayari kwenda kokote atakakoelekezwa.

Nikafungua mdomo nitoe jibu langu la kila Jumanne.
Likatoka jingine.
"Hayupo tena. Miaka minne sasa.
Namba yake bado naikumbuka kuliko yangu."
Kengele ikalia.
Hakuinuka.
Mlango ukagongwa, mwenzake anangoja zamu.
Hakuinuka.
"Aliitwa nani?"

Daktari Pottle alimkata alama mbili za muda. Sheria ni sheria.
Mimi nikapewa fomu: mgonjwa alijisikiaje?
Nikaandika: nilisahau kuigiza.
Hilo halimo, wakaniambia,
chagua namba, moja hadi tano.

Nikachagua nne.
Mikono yake ilikuwa baridi.